Kilicho chini ya lami

Mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka, Oman nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 za barabara ya lami. Wazee wetu waliokuja kutoka Unguja miaka ile waliacha lami kule, wakakuta vumbi huku. Leo Nizwa mpaka Bahla, kama kilomita 40, unateleza tu.

Mie nikipita pale nawaza kilicho chini. Ngome ya Bahla, ya udongo, iliingia orodha ya UNESCO 1987. Mwaka uliofuata ikatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikatoka 2004. Na mitende ya pale inakunywa maji ya falaji, mifereji ambayo mingine inapita chini kwa chini. Sasa barabara ikititia, utafukua uone kuna nini? Ukichimba ovyo, unakata maji ya watu.

Ipo rada ya kupenya ardhi. Gari linapita na antena, inatuma mawimbi ya redio chini, na kila yanapokuta tabaka jipya (lami, kokoto, udongo) mengine hurudi. Ukijua kasi yake na muda yaliotumia, umepata unene wa lami bila ya kuitoboa. Shimo linaonekana, na unyevu pia, maana maji huyachelewesha sana mawimbi. Si jambo jipya: 1929 Mjerumani W. Stern alipima hivyo kina cha barafu ya mlimani Austria, na 1972 Apollo 17 ilikwenda na rada ya namna hii mwezini. Barabara zilifuata baadaye.

Lakini ina udhaifu wake. Udongo wa mfinyanzi ukiloa huyameza mawimbi, na Bahla, kumbe, ndio mji wa wafinyanzi! Kwa hiyo mafundi bado hutoboa vitundu vichache kuhakikisha.

Wachimba falaji walikuwa na njia yao. Kila baada ya masafa waliacha kisima cha kushukia kusafisha, na ule mstari wa visima juu ya ardhi ndio uliokuonesha mfereji unapita wapi. Lami ikipita juu yake, mstari unakatika. Kwa hiyo nyie wenye babu huko Bahla, muulizeni visima vilikuwa wapi kabla ya barabara. Mwandike na jina la mtaa.