Kazi Aliyonyang'anywa Kuku

Mwaka 1903 Andrew Jackson wa jimbo la Tennessee, Marekani, alipata hataza ya kifaa ambacho leo kinachekesha: miwani ya kuku. Ilivalishwa kichwani ili ndege asitobolewe macho na wenzake. Baadaye ikaja miwani yenye vioo vyekundu, kwa hoja kwamba kuku asipoiona damu ya mwenzake hatashawishika kuendelea kuidonoa. Ilipofika miaka ya 1930, wapo wafugaji wa huko walioanza kukata midomo. Dawa zote hizo zilimchukulia kuku kuwa mkosaji. Siku hizi wafugaji wa uani Marekani na Uingereza wanauziwa tofali la chakula: nafaka na mbegu za alizeti zilizogandishwa kwa molasi, zikawekwa bandani mithili ya jiwe la chumvi la ng'ombe, kuku wazidonoe mchana kutwa wasichoke na maisha. Ni rahisi kuliona kuwa anasa ya watu walioshiba. Likiwekwa kando ya ile miwani na wembe wa kukatia midomo, linaonekana ni fidia, tena ndogo, ya kazi aliyonyang'anywa kuku.

Kunyang'anywa huko hakukutokea siku moja. Kuku wa uani alijitafutia: anachakura, anarudi hatua moja nyuma, anainamisha kichwa kutazama alichofukua, anadonoa, anasogea. Hata kuku walipofungiwa wakati wa baridi, wafugaji wa zamani walikuwa wakimwaga nafaka ndani ya majani makavu ili ndege wazitolee jasho. Kuwafungia mwaka mzima kulishindikana kwa sababu wasipopata jua miguu yao ilidhoofika na kupinda. Kizuizi hicho kiliondoka baada ya vitamini D kutambuliwa mwaka 1922, mafuta ya ini la samaki yakaanza kuchanganywa kwenye chakula. Mwaka 1923 Cecile Steele wa Delaware aliagiza vifaranga 50, kwa makosa akaletewa 500. Hakuwarudisha, aliwalea akawauza kwa ajili ya nyama, na mwaka 1926 alikuwa tayari na banda la kuku 10,000. Kwa upande wa mayai, vizimba vya waya vikaenea. Chakula kikawa cha kusagwa, kipo mbele ya ndege muda wote, na shughuli iliyokuwa ikijaza siku yake ikaisha kwa muda mfupi tu.

Atakayepinga atasema uchovu wa kukosa la kufanya ni hisia ya binadamu, na kwamba kuku aliyeshiba hana analodai. Hoja hii ina uzito, maana hakuna aliyeingia kichwani mwa kuku. Ila matendo yake yanapimika. Mwaka 1972 Ian Duncan na Barry Hughes walionyesha kwamba kuku huendelea kufanya kazi ili apate chakula, ilhali chakula kilekile kipo pembeni bure. Mwaka 1989 Marian Dawkins alichapisha uchunguzi wake wa kuku-mwitu, ukoo alikotoka kuku wetu, waliokuwa wakilishwa na binadamu. Bado walionekana wakidonoa ardhi katika takriban asilimia 60 ya dakika walizochunguzwa. Kwa hiyo shibe haizimi haja ya kutafuta. Naye Harry Blokhuis wa Uholanzi alieleza katika miaka ya 1980 kwamba kudonoana manyoya ni udonoaji uleule wa ardhini uliokosa ardhi, ukahamia mgongoni mwa jirani. Tukikubali maelezo hayo, na mimi nayakubali, basi miwani ilikuwa ikitibu jicho la aliyedonolewa na kuuacha mdomo wa mdonoaji bila kazi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: tofali ni biashara tu. Ni kweli kwa kiasi. Molasi na mahindi mengi hunenepesha, na kuku anayetaga akijaza kifuko chake cha koo kwa vitamu hatakula vizuri chakula chenye protini na chokaa anayohitaji kwa gamba la yai. Isitoshe, tofali humpa kuku kudonoa pasipo kuchakura. Miguu inabaki bila shughuli. Ndiyo maana agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999, lililopiga marufuku vizimba vitupu kuanzia 2012, halikudai vitafunio. Lilidai mahali pa kudonoa na kuchakura. Wapo wafugaji wa Afrika Mashariki wanaofika hapohapo kwa gharama ndogo: fungu la mchicha au kabichi nzima inaning'inizwa kwa kamba, juu kidogo ya kichwa cha kuku, na sakafuni yanatandazwa maranda makavu. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue maranda, arushie humo konzi za mtama jioni. Tofali linaweza kusubiri.