Kutuliza Moyo, Kisha Kusema Yaliyopita

Wewe uliyekimbia Karuba, na wewe uliyebaki kwenye mlima wako, mazungumzo ya leo ni yenu nyote.

Tuanze na swali. Risasi zikinyamaza, kwa nini mwili haunyamazi? Upepo unabamiza mlango, nawe unaruka. Usiku usingizi hauji. Mtoto anamwaga maji kidogo, unampiga kana kwamba amechoma nyumba. Unakutana njiani na mtu wa kabila jingine, tumbo linakaza kabla hajakusalimu. Ndugu yangu, huo si uchawi, wala si upungufu wa imani. Ni kidonda cha moyo. Tusipokitibu, kitakuwa kuni za vita vingine.

Kuni hizo tunazijua. Mwezi wa Machi 1993 mapigano yalianza Ntoto, huko Walikale, yakaingia Masisi. Tangu hapo wako watu waliofunga mizigo mara tatu, mara nne, mara wasizoweza kuhesabu. Kila mara walibeba sufuria na mkeka. Lakini hofu nayo ilibebwa, na chuki nayo ilibebwa.

Sasa twende mbali kidogo, kisha nitawarudisha nyumbani. Kule Kambodia, barani Asia, utawala wa Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, uliua watu zaidi ya milioni moja. Wengi waliosalia walikimbilia kambi za Thailand. Mtawa mmoja wa dini ya Budha, Maha Ghosananda, aliyepoteza jamaa zake katika mauaji hayo, aliwafuata wakimbizi kambini. Aliwafundisha desturi ya kale ya Wabudha: keti, fuata pumzi yako, itazame hasira ikija, itazame ikienda, usiifuate. Mwaka 1992 aliongoza matembezi ya amani, wakimbizi wakitembea kwa miguu kutoka mpaka wa Thailand hadi Phnom Penh, mji mkuu wao. Hatua kwa hatua, walirudi nyumbani.

Utasema, "Sisi ni watu wa kanisa, wengine ni watu wa msikiti. Budha anatuhusu nini?" Swali ni zuri. Sikuombi ubadili dini. Nakuomba utazame jinsi elimu mbili zilivyokutana.

Elimu ya kwanza ni hiyo ya pumzi na utulivu. Ya pili ni tiba ya nafsi kwa mazungumzo, iliyoanzia Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, pale madaktari kama Sigmund Freud wa Vienna walipoona kwamba mgonjwa akisema maumivu yake mbele ya msikilizaji aliyefundishwa, anaweza kupata nafuu. Mwaka 1957, mjini Cuernavaca, Mexico, mtaalamu wa tiba hiyo Erich Fromm na mwalimu Mjapani D. T. Suzuki waliketi na wenzao kulinganisha elimu hizo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa hospitali moja ya Massachusetts, Marekani, kutulia kwa pumzi, bila kuwataka wafuate dini yoyote. Hata Afrika yetu haikubaki nyuma: mwaka 2005 mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabudha nchini Uganda.

Kwa nini elimu hizi zilihitajiana? Sikiliza vizuri hapa. Aliyeona mauaji akiambiwa afumbe macho na kunyamaza peke yake, huenda picha zile zikarudi kwa nguvu. Anahitaji mtu karibu. Na aliyelazimishwa kusimulia yote siku ya kwanza, moyo ukiwa bado unatetemeka, anaweza kuumia tena. Kwa hiyo utulivu unautayarisha moyo kusema, na kusema kunatoa nje kile ambacho utulivu peke yake umeshindwa kukitoa.

Jirani zetu wamegundua utaratibu kama huo kwa njia yao. Byumba, Rwanda, mwaka 2005, vikundi vidogo vilianza kuketi pamoja kila juma chini ya dayosisi ya Anglikana. Hatua yao ya kwanza ilikuwa usalama. Zikafuata kuaminiana, kutunzana, heshima na kanuni mpya za maisha. Kumbukumbu ya mabaya ilikuja mwisho. Umeona? Hawakuanza na "nani aliua nani?" Walianza na "je, hapa naweza kuketi bila kuogopa?"

Na hapa kwetu mashariki mwa Kongo, utafiti uliotangazwa mwaka 2013 uliwafuata wanawake 405 waliotendewa ukatili wa kingono. Wale waliopata tiba ya mazungumzo katika vikundi walipona zaidi kuliko waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake Wakongomani, waliofundishwa kazi hiyo. Basi tusiseme kwamba kijiji hakina uwezo.

Wewe mama, wewe baba: hofu ikikushika, usilazimishe kufumba macho. Yaache wazi. Kanyaga udongo, taja vitu vitano unavyoviona, toa pumzi polepole. Kisha mtafute mmoja unayemwamini. Na kama unawaza kujiua, au hujui tena uko wapi, usikae peke yako. Upelekwe kituo cha afya.

Nawe kiongozi: kabla hujawaita watu wapatane mbele ya umati, watayarishie kwanza mahali salama pa kuketi. Usimlazimishe mjane kusamehe ili taarifa yako ipendeze. Utulivu wa moyo hauchukui nafasi ya haki, wala hauondoi bunduki barabarani. Lakini mtu aliyetulia anaweza kudai haki yake bila kuchoma nyumba ya jirani.

Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Siku utakaporudi Karuba kulima maharagwe yako, jirani atakuwa ng'ambo ya bonde. Je, utarudi na sufuria tu, au utarudi na moyo uliopoa?

Lizungumzeni swali hilo nyumbani, kambini na barazani. Amani iwe nanyi.