Vita, karatasi na gazeti la Kiongozi (Tanga, 1914–1916)

Uzi mfupi, wadau. Kila nchi ikiingia kwenye dharura, kuna mtu huibuka hapa na hoja hii: hali ni ngumu, si wakati wa kila mtu kuandika anachotaka. Hoja yenyewe ni ya zamani sana.

Ninyi wa Kitengela na Kajiado mnaoshuka Namanga kila wiki, vita hivi vilipita njia hiyo. Novemba 3, 1914, Waingereza walitoka upande wa Namanga wakawashambulia Wajerumani pale Longido, wakarudishwa. Siku hizo hizo walijaribu kuteka Tanga kutokea baharini. Huko pia wakashindwa, tena vibaya.

Tanga ndiko kulikuwa na Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililoanza 1904. Lilichapishwa katika shule ya serikali ya Wajerumani, na wanafunzi ndio waliopanga zile herufi za risasi, moja baada ya nyingine. Lilikuwa gazeti la mkoloni, tusidanganyane. Lakini walimu na makarani Waafrika waliliandikia habari za kwao: mvua, mavuno, simba. Watu walizoea kujisoma humo.

Machi 1915 meli za kivita za Uingereza zikafunga pwani yote. Karatasi, wino, nguo, dawa, vyote vilitoka Ulaya. Meli mbili tu za mizigo zilipenya, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, nazo zilileta silaha na risasi. Huko Amani, wataalamu wakatengeneza kwinini yao wenyewe. Hata pesa ilikuwa shida: kufikia 1917 serikali ilikuwa ikigonga noti kwa mihuri, porini. Kiongozi lilivumilia mpaka 1916, mwaka ambao Waingereza waliingia Tanga.

Kwa hiyo uhaba ulikuwepo, si kisingizio. Hapo nakubaliana na wenye hoja.

Sasa njoo upande wetu. Bandari ya Mombasa haikufungwa. Nairobi magazeti makubwa yalikuwa ya walowezi, kwa Kiingereza, na yaliendelea kutoka. Wakati huo huo vijana walikuwa wanakusanywa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar zimepata majina kutoka kwa kikosi chao. Ni gazeti gani lilimpa mpagazi nafasi aseme chakula kimeoza? Hapo huwezi kulaumu meli za adui. Watu walinyimwa sauti na serikali iliyokuwa na bandari, reli na mitambo ya kuchapa.

Ndiyo maana mtu akiniambia "hali ni ngumu", mimi huuliza kwanza ni habari za nani zimebaki ukurasani.

Sanamu ya ukumbusho iko Kenyatta Avenue, mpagazi amesimama pamoja na askari. Pita uangalie. Jina la mpagazi hata mmoja halipo.