Minazi na Ardhi Yake Katika Mafia

Mtu akitoka Kilindoni kwenda kaskazini, akapita Kirongwe na Kanga, mwisho hufika Bweni, karibu na Ras Mkumbi ulipo mnara wa taa uliojengwa zamani za Wadachi. Njiani huona minazi mingi, na kila mnazi una mwenyewe. Wageni hustaajabu wakiambiwa ya kwamba mwenye mnazi na mwenye ardhi huenda wakawa watu wawili. Ndiyo desturi ya huko: ardhi ni ya ukoo, bali aliyepanda mti, mwanamume au mwanamke, mti ni wake, aweza kuuuza au kuwarithisha wanawe, wala ardhi haiendi pamoja nao.

Twataka kuonyesha jinsi sheria za serikali zilivyokutana na desturi hii, maana limo jambo lenye hasara.

Baada ya mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, Wadachi walimlipa Sultani wa Unguja marki 4,000,000 kwa ajili ya mrima pamoja na Mafia. Waliopanda minazi hawakuulizwa. Mwaka 1895 likatoka tangazo la Kaisari ya kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Na pori lililoachwa lipumzike, machoni pa mgeni lina mwenyewe gani? Waingereza waliitwaa Mafia Januari 1915, na sheria yao ya mwaka 1923 ikaiweka ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana. Hata mwaka 1928 ndipo haki ya mwenyeji kwa desturi ilipotiwa katika sheria hiyo.

Basi tuangalie. Mtu akiondolewa mahali pake, alilipwa kwa kazi ya mikono yake: nyumba, minazi, miembe. Ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani. Desturi ilitenga mnazi na ardhi ili ukoo usipoteze ardhi yake. Sheria nayo ilivitenga, ukoo ukakosa fidia.

Hesabu hiyo ilidumu hata baada ya uhuru. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri la Serikali na mzee mmoja wa Mbulu pamoja na mwanawe. Jaji Mkuu Nyalali akaamua ya kwamba haki ya ardhi kwa desturi ni mali, nayo yalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kisha zikaja sheria za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Moja yasema ardhi yenyewe ina thamani. Ya pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, yasema haki ya kimila ni sawa na ile iliyotolewa kwa hati ya serikali, na desturi inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu.

Kwa hiyo mtu wa Bweni akijiwa na mnunuzi, yafaa karatasi iseme wazi kama yauzwa miti tu au na ardhi, kabla hajatia dole gumba. Halmashauri ya kijiji haina ruhusa kugawa ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Wakigombana, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, watatu wao wanawake, kazi yao kupatanisha. Hati ya hakimiliki ya kimila huombwa kwa halmashauri hiyo hiyo. Na anayeiomba asisahau kuhesabu minazi ya shangazi zake iliyomo ndani ya mipaka.