Kutoka Ngome ya Yesu hadi mtungi wa kilo 6: historia fupi ya jiko la safari

Haya wandugu, leo siandiki kuhusu programu. Naandika kuhusu jiko. Mwaka jana, likizo ya Agosti, niliipeleka familia kupiga kambi Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Nilibeba lile jiko dogo la sanduku linalotumia kopo la gesi la gramu 220. Nyumbani Mombasa lilikuwa likiwaka vizuri sana. Kule, saa kumi na moja alfajiri, mtoto analia uji, moto ukawa kama wa kibiriti, kisha ukafa. Kopo nikilitikisa nasikia gesi imo! Mama mkwe aliniangalia tu, kisha akasema, "Baba Salma, hilo jiko lako ni la pwani."

Alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe. Niliporudi nikaanza kusoma, na kusoma kukanipeleka mbali kuliko nilivyotaka, hadi Ngome ya Yesu.

Mimi hupita pale karibu kila siku. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano. Watu huangalia mizinga. Siku hizi mimi naangalia kuta na kufikiria kuni. Jiwe la matumbawe hushikanishwa kwa chokaa, na chokaa ya pwani hupatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe kwenye tanuru la kuni. Kabla ya askari mmoja kupikiwa chakula, ngome ilikwisha kula moto mwingi.

Halafu kukaja mazingiwa. Waomani waliizunguka ngome Machi 1696 na hawakuingia mpaka 13 Desemba 1698, karibu miezi 33. Vitabu huhesabu risasi, chakula na magonjwa. Lakini mchele mkavu haulikiki, na ndani ya kuta hakuna msitu. Kila gunia la nafaka lilihitaji kuni zake. Mpiga kambi yeyote anaijua hesabu hiyo: kibebwe chakula kiasi gani, na moto wa kukipikia uko wapi? Meli ya Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwaokoa, ilizama chini ya ngome mwaka 1697, na wapiga mbizi wakaichunguza kati ya 1977 na 1980. Baadhi ya vitu vyake vimo katika makumbusho mle mle ngomeni. Nendeni mkaone.

Upande wa pili wa ukuta, wenyeji walikwisha kulitatua tatizo la kupika safarini. Mabaharia wa majahazi walipikia ndani ya kasha la mbao lililojazwa mchanga. Mchanga hauungui na haupitishi joto upesi, kwa hiyo moto unakaa juu ya chombo cha mbao bila kukiteketeza. Kwangu mimi hilo ndilo jiko la kambi la kwanza la pwani yetu, na halina hata skrubu moja. Nchi kavu kulikuwa na mafiga matatu, na seredani ya mkaa ambayo hadi leo utaiona barazani Mji wa Kale ikichoma mishikaki.

(Kidogo kuhusu lugha: "meko" ni wingi wa zamani wa "jiko". Leo ukiomba meko dukani utapewa mtungi mmoja wa kilo 6 wenye bana kichwani. Wingi umegeuka umoja, na hakuna aliyelalamika.)

Mapinduzi yalikuja na mafuta ya taa. Mwaka 1892 Msweden Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la Primus. Unapiga pampu, mafuta yanapanda kwenye bomba lenye moto, yanageuka mvuke kabla ya kuungua, na masizi yanakwisha. Hata debe letu la kupimia mahindi asili yake ni bati la mafuta. Primus ina sifa moja ambayo gesi haina: shinikizo lake unalitengeneza wewe kwa mkono, kwa hiyo baridi haiisumbui sana. Ubaya wake ni harufu, na kuwasha kwake kunataka mtu mwenye subira. Na hapa Kenya bei nayo imeharibika: mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, ili watu waache kuyachanganya na dizeli.

Sasa gesi. Mkemia wa Marekani, Walter Snelling, alikuwa akitafuta kwa nini petroli ya wakati ule ilipotea hewani, akagundua kwamba ndani yake kuna gesi nyepesi zinazoweza kukandamizwa zikawa maji. Hataza yake ni ya 1913. Gesi kuu ni mbili, na hapa ndipo nilipokosea Naro Moru. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Buteni huchemka kwenye nusu nyuzi tu chini ya sifuri. Buteni inapogeuka mvuke hulipoza kopo lake lenyewe, hivyo hata hewa ikiwa nyuzi 8, kopo linaweza kukaribia sifuri na shinikizo likaisha. Kopo langu lilikuwa la buteni. Kwa nini wasitie propeni? Kwa sababu kwenye joto la nyuzi 40 propeni husukuma kwa bari 13 na zaidi, na bati jembamba lile lingepasuka. Propeni inataka chuma kinene. Mtungi wa nyumbani ni chuma kinene, na ndani yake mna mchanganyiko wa zote mbili.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi ni ya vali. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza kazi 1963, na gesi ya kupikia ilikuwa mojawapo ya mazao yake. Kila kampuni ikauza mtungi wenye vali yake na reguleta yake. Ukinunua mtungi wa huyu, huwezi kujaza kwa yule. Mnakumbuka chaja za simu, pini nene na pini nyembamba? Ndivyo ilivyokuwa, ila hapa ukikosea kuunganisha hupotezi chaji, unapoteza nyumba. Watu walilazimisha viunganishi vya kienyeji, na gesi ikavuja. Mwaka 2009 kanuni za serikali zikaamuru vali ya aina moja kwa mitungi ya majumbani na kampuni zibadilishane mitungi. Sisi watengeneza programu tungesema: kiolesura kimoja, watoaji huduma wengi. Kanuni za 2019 ziliondoa lazima ya kubadilishana, kwa sababu wajazaji wa vichochoroni walikuwa wakijaza mitungi ya wenyewe bila kuikagua. Vali moja ilibaki, na nadhani hilo ndilo lililo muhimu kwa msafiri. Kiwanda chenyewe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na gesi sasa huagizwa kutoka nje. Kodi nayo imecheza: VAT iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikashuka hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023.

Basi nichague nini? Nilipiga hesabu. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25, kama nusu ya joto inapotea, kunakula kama gramu 14 za gesi. Kopo la gramu 220 ni lita 16 kwa siku isiyo na upepo. Mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya lita 400, lakini pamoja na chuma chake unapita kilo 12. Kwa mtu na mkoba mgongoni ni upuzi. Kwa familia ya watu sita ndani ya gari, siku nne, hakuna mashindano: mtungi. Kopo nimelibakisha kwa chai ya ufukweni Nyali.

Desemba tunakwenda Tsavo Mashariki. Huko adui si baridi, ni joto, kwa hiyo mtungi utasafiri umesimama, umefungwa kamba, vali imefungwa, na hautaachwa ndani ya gari lililofungwa juani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, kwa hiyo hakuna kupika hemani. Mpira mpya nimekwisha nunua na viungo vyote nimevipaka povu la sabuni: hakuna hata kipovu kimoja. Mama mkwe amesikiliza maelezo yote haya kwa heshima, kisha jana nimemkuta akifunga seredani na mfuko wa mkaa kwenye gunia. Sikumwambia kitu.