Lenzi ya sura na lenzi ya mududu

Wakati aparei za foto zilitoka Paris mwaka 1839, lenzi yake ilipitisha mwangaza kidogo sana. Mutu wa kupigwa foto alikaa dakika mingi bila kutikisika. Joseph Petzval, profesa wa hesabu kule Vienna, hakujaribisha vioo ovyo. Alipiga hesabu kwanza, akisaidiwa na wanajeshi wa mizinga. Mwaka 1840 Voigtländer akatengeneza lenzi yake ya f/3,6. (Petzval alilipwa mara moja tu, wakagombana. Wenye kufanya kazi ya utafiti wanaelewa.)

Ile lenzi inachora sawasawa katikati, pembeni inafifia. Kwa sura ya mutu ni muzuri, macho tu ndiyo tunatazama. Lakini kwa mududu juu ya jani la muhindi, pembeni pia ni kazi. Makro inatakiwa kuchora jani lote sawa. Kwa filimu ya 24 × 36, ukubwa ule ule wa full-frame, Kilfitt alitoa Makro-Kilar mwaka 1955.

Mwenye feza ya lenzi moja tu, mie namwambia: makro ya milimita 100. Inapiga sura pia.