Iconi ya Ngazija: Mji wa Wavuvi Chini ya Mlima wa Moto

Katika visiwa vinne vya Komoro, kilicho kikubwa kuliko vyote, na kilicho karibu zaidi na bara la Afrika, ni Ngazija. Watu wa pwani yetu wamekijua kisiwa hiki tangu zamani. Unguja ilipokea Wangazija wengi, mabaharia, wafanya biashara na wanavyuoni. Na mmoja wao, Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861, akawa kadhi mashuhuri wa Unguja mpaka alipofariki mwaka 1925. Lakini habari za kisiwa chenyewe hazimo sana katika vitabu vya shule zetu. Kwa hiyo tumeona vema kumchukua msomaji, kwa miguu, mpaka katika mji mmoja wa wavuvi uitwao Iconi, na kumwonyesha yanayosomeka huko katika mawe na katika maneno ya watu.

Safari yaanzia Moroni, mji mkuu, na kufuata pwani kuelekea kusini kilometa chache tu. Kabla ya kuondoka, tulitazame jina la mji huu. Katika lugha ya Shingazija, herufi t ya Kiswahili mara nyingi hugeuka kuwa r: tatu ni -raru, na moto ni moro. Basi wenyeji wengi hufasiri Moroni kuwa ni "motoni". Na mtu akiinua macho upande wa mashariki huona sababu ya kuamini tafsiri hiyo, maana juu ya mji umesimama Karthala, mlima wa moto wenye urefu wa meta 2,361, ambao kileleni una shimo pana la kilometa kama tatu kwa nne.

Njiani, kitu cha kwanza kimshangazacho mgeni wa bara ni rangi ya nchi. Ufuo ni wa mwamba mweusi ulioganda kama uji uliomwagika, na mahali pengine kingo zake ni kali kama visu. Huo ni mwamba ulioyeyuka tumboni mwa nchi, ukatiririka kutoka mlimani hata baharini, kisha ukapoa. Kitu cha pili ni kwamba havuki mto. Mvua nyingi hunyesha Ngazija, lakini kisiwa kizima hakina mto utiririkao mwaka wote, kwa kuwa mwamba ule una matundu na nyufa zisizohesabika, na maji yote huzama chini. Kwa sababu hiyo watu wa Ngazija tangu zamani wamejenga birika za kuhifadhi maji ya mvua, na karibu na pwani wamechimba visima ambavyo maji yake yana ladha ya chumvi. Twaweza kusema kwamba mlima uliowapa nchi ya kukaa ndio uliowanyima mito.

Mlima huo haujalala. Mwezi wa Aprili mwaka 1977 moto ulipasua ubavu wake wa kusini magharibi, na mto wa mawe ya moto ukateremka na kuangamiza sehemu kubwa ya kijiji cha Singani, kilicho katika pwani hiyo hiyo, kusini ya Iconi. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, safari hizi si kwa mawe yatiririkayo bali kwa majivu. Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake majivu yanaweza kudhuru nini, watataja macho, mapafu na mazao. Huko Ngazija jibu la kwanza ni birika. Majivu yaliingia katika maji ya kunywa, na watu wengi sana wakakosa maji safi katika nchi isiyo na mto wa kukimbilia.

Basi tumefika Iconi. Mji uko pwani kabisa, na pembeni mwake kimesimama kilima kilichozaliwa na moto, ambacho upande wa bahari kimekatika na kuwa genge refu. Tutakirudia kilima hiki baadaye. Kwanza mgeni mwenye adabu huenda kwenye bangwe, ndio uwanja wa mji. Kila mji wa Ngazija una bangwe yake. Hapo wazee hukaa na kuzungumza, hapo mambo ya mji hukatwa, na hapo sherehe za ada hufanyika, yaani ile arusi kubwa ambayo mtu asiyeitimiza hahesabiwi kuwa mzee wa mji, hata akiwa na mvi. Walimu wetu waliozoea baraza za pwani watatambua mahali hapa bila kuelezwa, ila wasisahau kuamkia kabla ya kuuliza neno lolote.

Iconi ulikuwa mji wa wafalme. Kisiwa cha Ngazija hakikuwa na mfalme mmoja; kiligawanyika katika falme nyingi ndogo, na mmoja wa wafalme, aliyepata kuwazidi wenzake, aliitwa ntibe. Iconi ndio ulikuwa makao ya zamani ya wafalme wa Bambao, kabla makao hayo hayajahamia Moroni. Mabaki ya jumba lao, liitwalo Kapviridjewo, ambalo huhesabiwa kuwa la karne ya 16, yangali yapo. Limejengwa kwa mawe yale yale meusi ya mlimani. Wafalme wa Bambao na wa Itsandra walishindana kwa muda mrefu juu ya utibe, mpaka Said Ali wa Bambao, akitafuta nguvu ya kuwashinda wapinzani wake, alipofungamana na Wafaransa. Mwaka 1886 kisiwa kikawekwa chini ya himaya yao, na visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, havikupata uhuru mpaka mwaka 1975. Mwaka 2007 serikali ya Komoro iliweka Iconi pamoja na miji mingine ya wafalme katika orodha ya mahali panapoombewa hifadhi ya UNESCO.

Kutoka jumbani twateremka ufuoni, penye ngalawa. Huko huitwa galawa, chombo kile kile tukijuacho, kilichochongwa katika gogo na kuwekwa marengu pembeni ili kisipinduke. Hapa mwalimu apendaye lugha na asimame kidogo. Mvuvi katika Shingazija ni mlozi, na wengi wao ni walozi. Msomaji asiogope! Kwa Kiswahili mlozi ni mchawi, lakini mlozi wa Ngazija hana uchawi ila ndoana yake. Jina lake latokana na kuloa, yaani kuvua samaki. Kitenzi hicho kilikuwako katika Kiswahili pia, nacho sasa kimesahauliwa na wengi. Lakini mtoto wake tunaye kila siku, ndiye ndoana. Hivyo tumetupa mzizi tukabaki na tawi, na jirani zetu wa Komoro wameuhifadhi mzizi. Haya ndiyo manufaa ya kujifunza lugha zilizo ndugu: neno linaloonekana kuwa peke yake nyumbani kwetu hukutwa na wazazi wake ng'ambo.

Na ndoana ya Ngazija si kama ya Unguja. Kisiwa hiki ni mlima uliosimama baharini, na mteremko wake hauishi ufuoni bali waendelea chini ya maji. Mvuvi akipiga kafi muda mfupi tu, chini yake kina kimekwisha kuwa kirefu. Kwa hiyo walozi hutumia mishipi mirefu mno, nao huenda usiku kutafuta samaki wa vilindini aitwaye nesa, mwenye mafuta mengi. Katika uvuvi huo wa usiku, mara chache, hukamatwa samaki mwingine ambaye hawakumkusudia, nao humwita gombesa.

Wataalamu walidhani kwamba samaki wa jamaa hii walikwisha kutoweka duniani miaka milioni nyingi iliyopita, kwa kuwa waliwajua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa katika pwani ya Afrika ya Kusini. Wa pili alipatikana Nzwani mwezi wa Desemba mwaka 1952. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka katika chombo cha kuzamia karibu na pwani ya Ngazija, akawaona wakiwa hai nyumbani kwao. Nyumba zao ni mapango ya mwamba wa moto, katika kina kinachozidi meta 150, ambamo hujificha mchana na kutoka usiku. Ulimwengu ulisema kwamba gombesa "amegunduliwa". Lakini wavuvi wa Komoro walikuwa wamempa jina lake zamani, na walijua kwamba nyama yake haina ladha nzuri. Tunapofundisha habari za uvumbuzi, hatuna budi kusema pia habari za waliojua kabla ya mvumbuzi kuja.

Sasa turudi kwenye kile kilima. Genge lake huitwa Ngouni. Yasimuliwa kwamba mwaka 1805 maharamia kutoka Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini, waliushambulia mji wa Iconi. Wanawake wengi walipoona kwamba mji umeshindwa na kwamba watatekwa, walipanda juu ya kilima, wakajitupa gengeni, wakafa, wasikubali kufanywa watumwa. Kisa hiki chajulikana Komoro yote, na genge hilo ndilo kumbukumbu yake.

Mashambulio hayo hayakuwa ya mara moja. Tangu karibu mwaka 1785, kwa miaka zaidi ya 30, Wabuki walivuka bahari kwa mamia ya mitumbwi mikubwa, wakateka na kuchoma miji ya Komoro. Kwa sababu yao miji mingi ya pwani ya Ngazija ilizungushiwa kuta. Walifika hata kwetu: mji wa Kua katika kisiwa cha Juani, karibu na Mafia, uliangamizwa nao katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, na magofu yake yangali yakitazamwa.

Ni rahisi kwa mwalimu kukifundisha kisa hiki kama habari za kabila kali lililoonea watu wapole. Lakini historia haituruhusu kuishia hapo. Kwanza, Wabuki hawakuja Komoro wenyewe tu. Mwanzo waliitwa na mmoja wa wakubwa wa Nzwani awatumie katika ugomvi wa ufalme, nao walipoijua njia hawakungoja kuitwa tena. Pili, mateka walikuwa na wanunuzi. Mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bourbon na Mauritius yalitaka watumwa, na palipo na soko hapakosi mwindaji. Mashambulio yalikoma baada ya Waingereza kupatana na Mfalme Radama I wa Madagaska, mwaka 1817 na tena mwaka 1820, kwamba watumwa wasiuzwe tena nje ya nchi yake.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Miji ya Ngazija, kama miji ya pwani yetu, nayo ilikuwa na watumwa, na wengi wao walitoka bara la Afrika. Huko Komoro jina la Wamakua, ambao ndugu zao wanaishi Masasi na kaskazini ya Msumbiji, lilipata kuwa karibu sawa na neno mtumwa. Utumwa huo haukukomeshwa Ngazija mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Wafaransa. Basi katika kisiwa kile kile ambacho wanawake walichagua kifo kuliko utumwa, wanawake wengine walikuwa watumwani, wakitwanga na kuchota maji katika birika za mabwana zao, kabla ya mwaka 1805 na karibu miaka 100 baada yake. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hatusemi haya ili kuwapunguzia heshima wale waliokufa Ngouni. Heshima yao ni kubwa, na twaona kwamba yazidi kuwa kubwa tukiielewa vema: walishuhudia kwa miili yao kwamba utumwa ni mbaya kuliko kifo. Ushahidi huo haukuwahusu wao peke yao. Ulimhusu pia Mmakua aliyekuwa jikoni au shambani siku ile, ingawa hakuna genge lililopewa kuwa kumbukumbu yake. Watu wa pwani, Waislamu na Wakristo, hatujazoea kuusoma ushahidi huo mpaka mwisho, maana hutugusa sote. Babu wa mmoja alinunua, wa mwingine aliuza, na wa mwingine aliuzwa. Na wajukuu wao leo wanakaa dawati moja.

Kwa hiyo mwalimu akiwasimulia watoto habari za Iconi, na awaulize maswali matatu: Nani aliteka? Nani alinunua? Na nani alikuwa mtumwa mjini kabla ya adui kufika? La kwanza watajibu upesi. La pili litahitaji ramani ya Bahari ya Hindi ukutani. La tatu wataenda kuwauliza wazee nyumbani, si juu ya Ngazija tu, bali juu ya mji wao wenyewe. Nasi twashauri waachwe waulize, na majibu yaandikwe.